Namba Kumi na Sita

KIMENYI: Haloo? Haloo, nani? Hii namba siijui.

AKALIZA: Mwiriwe, Baba mudogo. Ni mi, Akaliza.

[Upepo kwenye simu.]

KIMENYI: Akaliza wa nani?

AKALIZA: Wa kaka yako. Wa Kayitare.

KIMENYI: Ngoja. Huku Mudende rezo inapatikana tu juu ya tuta, ngoja nipande... Bon. Sasa nakusikia. Mama yako iko muzima?

AKALIZA: Iko, iko.

KIMENYI: Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Mutu akikaa miaka tano hapigi, siku anapiga moyo inaruka. Niliwaza—

AKALIZA: Hapana. Bado. Naongea polepole juu niko nyuma ya jiko. Hajui kama nakupigia.

KIMENYI: "Bado" maana yake nini?

AKALIZA: Moyo yake, Baba mudogo. Kesho asubuhi wanamupasua kifua, kule Kigali. Cyiza ndiye anamupeleka na gari. Amenipigia sasa hivi, iko Petite Barrière, kule mpakani, anashusha mizigo ya watu, halafu anakuja. Dakika kumi na tano, labda makumi mbili.

KIMENYI: Yule Cyiza mutoto wa Saidati? Dakika zake ni ndefu sana.

AKALIZA: Siku zingine. Leo wamemutisha, atafika.

KIMENYI: Sasa mi unataka nifanye nini kwa dakika kumi na tano, mwanangu? Kutoka huku mpaka kwenu, hata na pikipiki, na hii barabara yenye matope—

AKALIZA: Sitaki uje. Nataka—

KIMENYI: Najua hautaki nije.

AKALIZA: Sikutaka kusema hivyo.

KIMENYI: Sema tu. Niko nasikia.

AKALIZA: Mama anataka picha. Picha ya karatasi. Kwa ile kamera yako.

[Upepo. Kwa mbali ng'ombe analia.]

KIMENYI: Ile niliacha juu ya kabati.

AKALIZA: Iko hapa kwa shingo yangu. Nimemuambia Mama simu yangu inapiga muzuri, amekataa kabisa. Unakumbuka dada yake, Mukagasana? Picha yake tuliitoa kwa WhatsApp, wakaikuza ya kutanguliza mbele ya sanduku, uso ikatoka viraka viraka. Mama alisema tumemuzika dada yake bila sura. Na Baba je? Baba tulimutanguliza na picha ya kitambulisho, amekunja uso sawa mutu wamemukanyaga mguu. Leo asubuhi Mama ameoga, amevaa mushanana yake ya sherehe, amekaa barazani, ananiambia: nikirudi tutaicheka hiyo picha, nisiporudi muitangulize, lakini iwe picha kweli.

KIMENYI: Shemeji yangu hajabadilika.

AKALIZA: Na mi sijui kuipiga. Nimeangalia video mbili, wanaongea mbio mbio, namba, namba, namba. Ninaogopa, Baba mudogo. Na kwa kibati yako imebaki filamu moja tu.

KIMENYI: Gani?

AKALIZA: Ya mia mbili. Ya katoni ileile.

KIMENYI: Iko muzuri hiyo. Umeshaiweka ndani?

AKALIZA: Nimeiweka, imeshika, nimeizungusha. Lakini ni ya katoni ileile. Yenye ulisema mbele ya watu wote kama imeoza.

[Upepo.]

AKALIZA: Haloo?

KIMENYI: Nakusikia.

AKALIZA: Kama ile ya Baba ilioza, na hii si—

KIMENYI: Hii haijaoza. Imezeeka. Kuoza na kuzeeka ni vitu viwili. Mutu muzee unamuongezea mwanga, anaona.

AKALIZA: Umejuaje kama haijaoza?

KIMENYI: Akaliza. Cyiza iko Petite Barrière. Unataka picha ao unataka kesi?

AKALIZA: Picha.

KIMENYI: Bon. Ukichungulia ndani ya kioo, kuna kasindano ka kupima mwanga kando. Kanacheza?

AKALIZA: Kamelala.

KIMENYI: Hata wakati yangu kalikuwa kamekufa. Tutapima na mukono. Tafuta karatasi nyeupe, enda pale Mama amekaa, inua mukono yako juu ya karatasi, urudi uniambie kivuli iko namna gani.

AKALIZA: Ataniuliza nafanya nini.

KIMENYI: Mwambie unafukuza nzi. Enda.

[Miguu inakimbia. Mlango. Upepo. Miguu tena.]

AKALIZA: Haina kivuli.

KIMENYI: Hata kidogo?

AKALIZA: Iko kama kaweusi kasiko na ukingo. Na wingu imefunika ziwa yote, huwezi kuona hata upande wa Goma. Matone yameanza.

KIMENYI: Donc basi kumutoa nje kwa uwanja haiwezekani.

AKALIZA: Kwa hali yake? Hapana.

KIMENYI: Na yeye, anatulia? Ao anatikisika?

AKALIZA: Anatikisika. Mikono, na kichwa kidogo. Tangu ile dawa mupya.

KIMENYI: Ee. Basi sikiliza muzuri, nitasema mara moja. Kamera inakunywa mwanga kwa njia mbili. Moja ni muda: dirisha inafunguka, inafunga, tak. Ile gurudumu ya juu. Ya pili ni tundu, upana wa lile dirisha. Ile pete ya kwa lenzi. Mutu akitikisika, muda lazima iwe mufupi, kama si hivyo atatoka na nyuso mbili. Weka gurudumu kwa mia moja ishirini na tano.

AKALIZA: Mia moja ishirini na... Iko ngumu, inataka mikono mbili. Ngoja. Baba mudogo, siwezi kushika simu na hii kitu pamoja.

KIMENYI: Weka haut-parleur, sauti itoke nje.

AKALIZA: Atakusikia.

KIMENYI: Kwani nimemuua nani, Akaliza? Weka.

AKALIZA: Basi niko naenda huko mbele. Nitaiweka kwa ukuta ya baraza, karibu na maua. Usiongee sana.

[Miguu. Simu inagonga jiwe. Mvua nyembamba juu ya mabati.]

AKALIZA: Niko hapa.

KIMENYI: Anafanya nini?

AKALIZA: Ameuliza ni nani huyo. Nimesema ni mutu anajua kamera.

KIMENYI: Amesema nini?

AKALIZA: Ameangalia simu, halafu ameangalia barabara.

KIMENYI: Amejua. Haya. Gurudumu?

AKALIZA: Mia moja ishirini na tano. Imekaa.

KIMENYI: Sasa pete. Ile mushale inaangalia wapi?

AKALIZA: Kwa nukta nyekundu. Ile uliweka na rangi ya kucha. Kwa nane.

KIMENYI: Toa hapo. Ile nukta ilikuwa ya plage, kando ya ziwa, ya watu wa Jumapili wenye wanataka kuonekana na ziwa, na jua la mchana. Nilipaka pale nisisumbuke.

AKALIZA: Uliniambia nisiiguse hata siku moja.

KIMENYI: Niliambia wewe hivyo, ndiyo. Leo iguse. Zungusha mpaka mbili.

AKALIZA: Mbili?

KIMENYI: Mbili. Ya mwisho kabisa.

AKALIZA: Lakini hapa iko giza. Nilikuwa nataka kuongeza, niende kumi na sita.

KIMENYI: Hapana. Kumi na sita inafunga.

AKALIZA: Inafunga namna gani, na ndiyo namba kubwa?

KIMENYI: Sio kipimo, ni kugawa. Uko na sahani ya bugali. Ukigawa kwa watu wawili, kila mutu anashiba. Ukigawa kwa watu kumi na sita, kila mutu anapata tonge. Ni vile vile. Mbili ni tundu kubwa, mwanga inamwagika ndani. Kumi na sita ni tundu ya sindano. Kwa jua kali, kumi na sita ni sawa. Kwa giza, kumi na sita hakuna picha. Hakuna kitu kabisa. Umesikia?

[Mvua.]

KIMENYI: Akaliza? Umezungusha?

AKALIZA: Baba mudogo.

KIMENYI: Zungusha kwanza.

AKALIZA: Ile siku ya Baba. Uliponituma na kamera, juu we mwenyewe ulikuwa na malaria. Alikuwa amelala kwa salon, pazia zilikuwa zimefungwa, jua ilikuwa inamuumiza macho.

KIMENYI: Mwanangu, muda—

AKALIZA: Nilisema hapa iko giza, niongeze. Niliitoa kwa nukta nyekundu. Niliweka kumi na sita. Picha zote makumi tatu na sita. Alijilazimisha kukaa. Alivaa kofia, alitoa kofia. Alicheka kwa moja, akasema hiyo ndiyo mutaweka. Zote niliweka kumi na sita.

KIMENYI: Najua.

AKALIZA: Unajua nini?

KIMENYI: Hiyo filamu niliisafisha na mikono yangu. Filamu yenye imeoza inatoka na ukungu. Ile ilitoka safi sawa kioo ya dirisha. Mwanga haukuingia hata kidogo. Niliitundika, nikaiangalia mpaka ikakauka. Nilijua siku ileile.

AKALIZA: Na ukasimama mbele ya watu wa kilio, ukasema: "Filamu yangu ilikuwa imeoza, kosa ni ya mimi."

KIMENYI: Nilisema.

AKALIZA: Mama akakuambia usikanyage tena hapa.

KIMENYI: Aliniambia.

AKALIZA: Na mi nilikuona kwa soko mwaka ule, ulikuwa na gunia ya viazi kwa bega, nikajifanya naangalia nyanya. Baba mudogo, nilipita mbele yako na sikukusalimia.

KIMENYI: Nilikuona. Zilikuwa nyanya mbaya zile.

AKALIZA: Usinichekeshe. Kwa nini haukusema?

KIMENYI: Ningesema nini? Ulikuwa na miaka kumi na tisa, baba yako ndiyo anaingia kwa udongo, haukuwa unakula. Mi nikakuongezea na hiyo? Na tena sikudanganya sana. Nani alikupa kamera bila kukuambia kumi na sita ni nini? Nilikuonyesha nukta nyekundu tu, nikasema usiguse, sawa unafundisha ng'ombe njia. Mutu hafundishwi hivyo. Kosa ilikuwa ya mimi kweli.

AKALIZA: Nusu.

KIMENYI: Haya, nusu. Mama yako anasikia hii yote?

AKALIZA: [kwa sauti ya chini] Iko hapa mbele yangu.

KIMENYI: Anafanya nini?

AKALIZA: Anaangalia mikono yake.

KIMENYI: Basi tumusumbue na kazi. Pete iko wapi?

AKALIZA: Naizungusha... tano... nne... Mbili. Imefika.

KIMENYI: Muzuri. Chungulia. Katikati kuna kaduara, uso yake inaonekana imekatika. Zungusha ile pete ya mbele mpaka macho yaungane.

AKALIZA: Machozi yanaingia kwa kioo.

KIMENYI: Panguza. Hiyo kioo haipendi chumvi.

AKALIZA: Imeungana. Namuona. Ngoja, Mama anasema kitu... Anauliza kama kiti inaonekana.

KIMENYI: Kiti gani?

AKALIZA: Ya Baba. Iko nyuma yake kwa ukuta, kama siku zote. Anataka ionekane, ndiyo maana amekaa hapa. Naiona, lakini iko kama moshi. Haijulikani kama ni kiti ao ni mbuzi.

KIMENYI: Ee. Ni hiyo mbili inafanya. Tundu kubwa inaona umbali moja tu. Yenye iko mbele ya hapo, moshi. Yenye iko nyuma, moshi. Ukitaka zote mbili, mutu wa mbele na kitu cha nyuma, unafunga tundu, unaenda nane.

AKALIZA: Basi niende nane.

KIMENYI: Ukienda nane umefunga mara nne, na kila mara unakata mwanga nusu. Lazima ulipe kwa muda. Gurudumu itashuka kutoka mia moja ishirini na tano mpaka nane. Ni muda murefu huo, sekunde imegawanywa mara nane tu, mutu anapepesa jicho ndani yake.

AKALIZA: Na yeye anatikisika.

KIMENYI: Atatoka na nyuso mbili. Utakuwa na kiti muzuri sana, na Mama hakuna.

[Honi, kwa mbali, mara mbili.]

AKALIZA: Cyiza. Iko kwa kona ya kanisa. Baba mudogo, kiti ao uso? Niambie haraka. Mama anasema bila kiti tuache tu, anasema amekaa peke yake kwa picha zote tangu Baba aende, hataki kwenda peke yake na kwa hii.

KIMENYI: Ngoja niwaze.

AKALIZA: Hakuna muda ya kuwaza. Gari inaingia.

KIMENYI: Ngoja, nimesema. Hiyo kiti ni nzito?

AKALIZA: Ni ileile ya mbao. Lakini hakuna mutu ameigusa tangu. Hata kufagia tunafagia kwa pembeni.

KIMENYI: Ilete mbele.

AKALIZA: Baba mudogo, hakuna mutu anaigusa—

KIMENYI: Nimesikia. Tundu kubwa inaona umbali moja, si ndiyo? Weka wote wawili kwa huo umbali moja. Kiti kando ya Mama, bega kwa bega, mustari moja, isipite mbele, isibaki nyuma. Utabaki na mbili yako, na mia moja ishirini na tano yako. Wataonekana wote. Muombe ruhusa. Mwambie ni mi nimeomba.

[Mlango wa gari. Sauti ya mwanamume kwa mbali, kisha ya mwanamke, ndogo. Mvua.]

KIMENYI: Haloo? Akaliza, amesema nini?

AKALIZA: Anasema nikuulize kitu.

KIMENYI: Aulize.

AKALIZA: Anauliza Noeli zote hizi tano ulikuwa unakulia wapi.

[Upepo peke yake.]

AKALIZA: Uko?

KIMENYI: Niko. Mwambie... mwambie huku. Nyumbani.

AKALIZA: Na nani?

KIMENYI: Mwambie viazi. Nilikuwa nakula viazi.

[Sauti ya mwanamke.]

AKALIZA: Anasema viazi peke yake si Noeli.

KIMENYI: Anasema kweli.

AKALIZA: Anasema leta kiti. Cyiza, shika huku. Polepole, mguu moja inacheza.

[Mbao zinakwaruza sementi.]

AKALIZA: Imekaa kando. Imegusana na ya kwake. Baba mudogo, ameweka mukono juu yake. Pale kwa mukono ya kiti, penye Baba alikuwa anaweka redio.

KIMENYI: Usiniambie mi. Chungulia. Macho yameungana?

AKALIZA: Yameungana.

KIMENYI: Kiti?

AKALIZA: Inaonekana yote. Hata ule mukwaruzo naona.

KIMENYI: Namba?

AKALIZA: Mbili. Mia moja ishirini na tano.

KIMENYI: Soma tena. Usiseme kwa kichwa, soma kwa pete.

AKALIZA: Mbili. Nimesoma. Mbili.

KIMENYI: Bana viwiko kwa mbavu. Toa pumzi yote. Usimuambie acheke, usimuambie kitu. Ngoja tu mpaka akusahau.

[Kimya kirefu. Mvua.]

[Tak.]

AKALIZA: Nimepiga.

KIMENYI: Alipepesa?

AKALIZA: Hapana. Alikuwa anaangalia simu.

KIMENYI: Simu gani?

AKALIZA: Hii. Ya kwa ukuta.

KIMENYI: Zungusha, piga ingine. Filamu ni nzee, tusitegemee moja. Fanya mara tatu, kama moja—

AKALIZA: Ameinuka.

KIMENYI: Mwambie akae kidogo.

AKALIZA: Nimemuambia, hataki. Cyiza amemushika mukono. Anasema moja inatosha. Anasema zingine ziache ndani.

KIMENYI: Ziache za nini?

AKALIZA: Anasema ile kiti isipigwe tena ikiwa tupu.

[Upepo.]

AKALIZA: Umesikia, Baba mudogo?

KIMENYI: Nimesikia. Sikiliza, usifungue kamera nyuma, hata kidogo. Mwanga ikiingia, hiyo moja imekwenda. Ifunge ndani ya kitambaa, irudishe juu ya kabati. Nitaisafisha mi mwenyewe.

AKALIZA: Sawa. Naifunga... imekaa juu ya kabati. Niko naingia kwa gari, nabeba mufuko yake. Unite za simu yangu zinalia, zinaisha—

KIMENYI: Na pete usiirudishe kwa nukta.

AKALIZA: Sirudishi.

KIMENYI: Mama iko karibu? Mupe simu.

AKALIZA: Iko kwa kiti ya mbele, amefunga mukanda, Cyiza anageuza gari. Sema nimuambie. Haraka.

KIMENYI: Mwambie mi nashuka kesho. Mwambie nitalala hapo, nitaoga, nitavaa koti, nitakaa barazani mpaka siku atarudi. Mwambie kiti itakuwa na mutu, arudi tu, hata kama—

[Tit. Tit. Tit.]